Kusafisha Soketi za Valvu katika Redio za Zamani

Redio ya valvu (chupa ndogo za kioo zinazokuza mawimbi ya umeme ndani ya redio) iliyokaa stoo miaka mingi huko Entebbe au Jinja, penye unyevu wa Ziwa Viktoria, mara nyingi hukwaruza sauti kwa sababu ya uchafu na kutu katika vibano vya soketi, yaani vyuma vidogo vinavyoshika miguu ya valvu ndani ya matundu, wala si kwa sababu valvu zimekufa.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi ukutani, kwa kuwa kuzima swichi pekee hakutoshi. Kapasita kubwa za pawa, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, huweza kubaki na volti zaidi ya 200, kwa hiyo ziondolee chaji kwa rezista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 10,000 na wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mipini ya plastiki, kisha thibitisha kwa mita kwamba volti zimeshuka karibu na sifuri. Kupiga cheche kwa bisibisi, mtindo unaopendwa na mafundi wengi, huharibu kapasita na huweza kukujeruhi.

Valvu zikishapoa, andika nafasi ya kila moja, kisha uzivute taratibu bila kuzipinda. Spiriti ya kusafishia isiguse maandishi ya kiooni, kwani hufutika upesi. Lowesha kwa spiriti ya aisopropili kiburashi chembamba cha kusafishia katikati ya meno, ukisugue ndani ya kila tundu, madirisha yakiwa wazi na pasiwe na moto karibu. Msasa hukwangua madini yaliyopakwa juu ya vibano, basi uache. Kibano kilicholegea hukazwa kwa sindano. Ukiona mstari mweusi wa kuungua kati ya matundu, badilisha soketi nzima, kwa maana mkaa huo hupitisha umeme. Spiriti ikauke kabisa kabla ya kurudisha valvu.