Sahani mpya ya Back in Black na hewa ya Unguja

Toleo la santuri la rangi ya dhahabu la albamu ya roki Back in Black lilitoka 2024, AC/DC wakiadhimisha miaka 50 ya bendi yao iliyoanzia Sydney, Australia. Ni sahani ya gramu 180. Uzito huo hauboreshi sauti, ila sahani nene haipindi upesi, na kwa joto letu hilo si dogo.

Vua nailoni yote ya nje siku hiyo hiyo. Wengi huiacha wakidhani wanalinda jalada, kumbe kaskazi ikipamba moto nailoni hujikaza, ikapinda jalada na sahani pamoja, na unyevu uliokwama ndani ukaotesha koga. Jalada lenyewe ni jeusi, kwa kuwa 1980 bendi ilikuwa na msiba wa mwimbaji wake Bon Scott, na koga kwenye weusi huonekana toka mlangoni.

Sahani mpya nayo huoshwa, maana hutoka na vumbi la karatasi. Maji ya kisima usiyatumie. Yamepita kwenye mawe ya chokaa, na yakikauka huacha weupe ndani ya mifereji, kisha sauti inapasuka-pasuka kila sindano ikipita. Tafuta maji yaliyokenekwa, ya kuongezea betri ya gari. Lakini soma chupa, asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Nusu lita, matone mawili ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Futa kwa kufuata mzunguko, karatasi ya katikati isiguswe na maji. Suuza kwa maji hayo hayo yasiyo na sabuni, kausha kivulini.

Wenye sahani za kale za Siti binti Saad wasizichanganye na hizi. Zile ni za shelaki, utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki: spiriti huziyeyusha, na mifereji yake inataka sindano nene karibu mara nne.

Mashine ya kuchezea santuri ndiyo yenye mitego. Nyingi za mitumba ni za Japani, volti 100. Transfoma hushusha volti 230 zetu, haibadilishi hezi 50. Mota ya AC (umeme wa mkondo geu) iliyopangiwa hezi 60 itazungusha 27.8 badala ya 33⅓, na Brian Johnson, mwimbaji wa albamu hii, ataimba kama mgonjwa. Dawa ni puli, kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, ya hezi 50. Mota ya DC (mkondo mnyoofu) haina shida hiyo.

Mkono unaobeba sindano usawazishe mpaka uelee wenyewe, weka kipimo kwenye sifuri, kisha ongeza uzito aliotaja mtengenezaji wa sindano, mara nyingi gramu 1.8 hadi 2. Ukiogopa ukaweka mwepesi mno, sindano itarukaruka penye ngoma nzito na kuchimba mfereji. Spika zikivuma, angalia kwanza waya wa ethi.

Sahani zisimame wima, zisilazwe. Kuta za mawe za Mji Mkongwe hutoa unyevu na chumvi, kwa hiyo acha upana wa kiganja kati ya rafu na ukuta, na masika fungua rafu kila wiki zipate upepo wa feni.