Jinsi ya kumtembelea mgonjwa wa skizofrenia nyumbani kwao

Jamani kama wewe ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na umepewa mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo) mtaani kwako, usiende na kundi la watu, nenda na mwenzako mmoja tu, piga hodi, msalimie yeye kwanza ndo umsalimie mama yake, maana wengi wanaongea na ndugu huku mwenyewe kakaa pale pale kama vile hayupo, inaniuma sana hii.

Akisema anasikia sauti usibishane nae wala usijifanye na wewe unazisikia, muulize zinamwambia nini. Zikimwambia ajidhuru au amdhuru mtu, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Dawa sasa, hapa ndo kazi ilipo. Wengi hawaachi haloperidoli, dawa ya ugonjwa huu, kwa ukaidi, wanaacha sababu mwili unakakamaa, mikono inatetemeka, mtu hawezi hata kutulia kwenye kiti, so ukimgombeza umempoteza, mrudishe kwa daktari aangalie dozi. Anayesahau vidonge kuna sindano ya flufenazini, kila wiki 2 mpaka 4, tarehe iandike kwenye simu ya ndugu.

Ndugu waambie dalili za ugonjwa kuanza kurudi: halali usiku, haogi, anajitenga, anashuku chakula.

Ukimkuta kafungwa kamba usiwatukane, wamechoka na wanaogopa, ongea nao afunguliwe apelekwe hospitali ya wilaya, ikishindikana rufaa ipo mpaka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma. Na wakitaka maombi waombe tu, ila dawa isikatwe.