Kuchora kwa chaki nyumba inayotengenezwa

Marehemu baba alikuwa fundi wa chokaa Mji Mkongwe, Zanzibar, na mchoro wangu wa kwanza niliuchora nikikaa juu ya lundo lake la mchanga, mtaa wa Malindi. Hadi leo nachora kama wachoraji wa Ulaya wa kipindi cha Romantiki, mwanzoni mwa karne ya 19: chaki nyeusi na nyeupe juu ya karatasi yenye rangi.

Karatasi ya kaki, ile ya kujaladia madaftari ya skuli, inatosha. Tumia upande usiong'aa. Rangi yake ndiyo ukuta uliobanduka lipu, kwa hiyo sehemu kubwa iache kama ilivyo. Ukikosa chaki nyeusi, chukua mkaa laini.

Fika saa mbili asubuhi, jua likiwa bado linapita ubavuni mwa ukuta. Omba ruhusa kwa wenye baraza iliyo mkabala, ukae.

Anza na giza: matundu ya milango, chumba kisicho dari. Humo utaona boriti za mikoko. Urefu wake ndio uliofanya vyumba vya zamani viwe vyembamba. Usizipange sawasawa kama reli. Kila moja ina mpindo wake. Ukuta wa mawe ya matumbawe usiuchore jiwe kwa jiwe. Laza chaki ubavu, ivute polepole. Mirunda ya jukwaa la mafundi igandamize chini na kulegeza juu, ionekane imebeba uzito.

Nyeupe ije mwisho, kidogo mno. Chokaa mbichi ni ya kijivu. Ikishakaa na hewa muda mrefu hurudi kuwa jiwe, kitu kile kile kilichomo ndani ya chaki ya asili. Weka weupe pale ilipokwisha kushika tu.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), jengo la 1883, ilianguka likiwa katika matengenezo, na watu wakafariki. Michoro yangu ya jengo lile ilikuwa na kila nguzo, haikuwa na fundi hata mmoja. Hilo linaniuma. Sasa nikishachora sehemu za giza tu nawachora watu, kabla ya ukuta: bega lililobeba karai, mgongo ulioinama kwenye ngazi. Uso si lazima.

Ukimaliza, usiukunje mchoro. Nyuma yake andika tarehe, mtaa, na kazi ya siku hiyo: boriti za ghorofa ya pili zinabadilishwa.