Filamu bila kamera: jua la Lamu, chumvi na misumari

Julai 1923 jijini Paris, kwenye onyesho la usiku la wasanii wa Dada (kundi lililopinga sanaa ya kawaida), mpiga picha Mmarekani Man Ray alionyesha filamu fupi, Le Retour à la raison. Sehemu zake nyingine hazikupita kwenye kamera kabisa: alinyunyiza chumvi na pilipili manga juu ya utepe wa filamu gizani, kwingine akatandaza pini na misumari, akamulika taa, kisha akausafisha. Mipaka ya fremu, yaani picha moja moja za utepe, hakuijali. Msumari mmoja ulilala juu ya fremu kadhaa, ndiyo maana vitu vinarukaruka ukutani. Hapo ndipo penye siri yote: ukipanga vitu fremu kwa fremu utapata katuni tu.

Filamu halisi kuipata Lamu ni taabu, na kuisafisha ni taabu zaidi. Jua lipo, basi tumia tepe za karatasi na dawa aliyoigundua John Herschel mwaka 1842, ambayo hugeuka buluu ikipigwa na jua, kisha uzipige picha kwa simu.

Yeyusha gramu 25 za amonia feriki sitreti ya kijani katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Zihifadhi mbalimbali, gizani. Siku ya kupaka, changanya mililita 10 kwa 10. Zatosha karatasi tatu za A4. Vaa glavu, vyombo visirudi jikoni, na ferisianidi isikutane na asidi kali wala moto.

Chagua karatasi nzito ya rangi za maji. Ile ya printa mara nyingi ina chokaa, na chokaa huila buluu. Paka kwa brashi laini kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kausha mbele ya feni. Unyevu wa pwani ndio adui mkubwa: karatasi ikiwa bado mbichi, vitu vitanata na kuacha madoa. Chumvi nayo ikaange kwanza, la sivyo itayeyuka pale pale. Majani ya mwarobaini yabane ndani ya gazeti siku nzima.

Kila karatasi itoe tepe tano za upana wa sentimita 4. Fremu ni sentimita 3 kwenda juu, kwa hiyo utepe una fremu tisa na kipande cha kushikia. Zilaze tepe bega kwa bega juu ya ubao, tandaza chumvi, misumari, kipande cha wavu, mwiba wa samaki, vikatize popote. Funika kwa kioo. Darini upepo wa kusi hauna huruma.

Saa sita mchana, anza na dakika 5 hadi 10. Usiziondoe juani rangi inapogeuka buluu tu. Ngoja sehemu zilizo wazi ziwe za kijivujivu, kwa sababu maji yatapunguza nyingi. Osha mpaka manjano yaishe. Maji ya mvua ni bora. Ya kisima yenye chokaa hufifisha picha, kwa hiyo tia matone machache ya ndimu katika beseni. Sabuni, kamwe.

Sasa tepe zipigwe picha ziwe filamu. Kata dirisha la sentimita 4 kwa 3 kwenye kadi nyeusi, funga simu juu yake isitikisike, na ufunge mwanga na rangi za kamera. Zikibaki za kujirekebisha, filamu itapwita ovyo. Ukivuta utepe sentimita 3 kila picha, ni mruko mtupu kama wa Man Ray. Ukivuta sentimita 1, utepe mmoja hutoa picha 25 na msumari unateleza. Kwa picha 12 kwa sekunde, tepe zote 15 zatoa takriban sekunde 31. Changanya mivuto yote miwili. Mtelezo mtupu huchosha jicho. Watazamaji waambiwe mapema kwamba mwanga unapepesa, kwani wenye kifafa huweza kudhurika.

Tepe zikififia kwa kukaa juani, ziweke gizani siku kadhaa, buluu hurudi kwa kiasi. Zilizoliwa na chokaa hazirudi.