Kuseti spidi ya siriali poti kwenye Linux
Ukitaka kubadili spidi ya siriali poti (poti inayotuma data biti moja moja) kwa C usianze na struct tupu ya termios (fungu la seti za poti) jamani, kwanza soma seti zilizopo kwa tcgetattr, ndo uite cfsetispeed na cfsetospeed ukizipa B115200 (jina la spidi ya biti 115200 kwa sekunde), halafu tcsetattr yenye TCSADRAIN ili data iliyobaki itoke kwanza. Wengi wanakwama hapa: glibc (maktaba ya C ya Linux) za kabla ya 2.42 ukiandika 9600 kavu inagoma, maana B9600 pale ni kodi (code) tu, thamani yake 13. Kuanzia 2.42 ya 2025 kodi na namba ni kitu kimoja, hata 250000 unaweka. B0, yaani spidi sifuri, usiiguse, inakata laini ya modemu. Alafu tcsetattr inarudisha 0 (yaani imefaulu) hata ikifanikiwa nusu, kwa hiyo soma tena kwa tcgetattr ulinganishe, mi hiyo hatua siiruki kabisa.