Kuing'arisha bia ya nyumbani kabla ya kuitia kwenye chupa: ubaridi kwanza, jelatini baadaye

Wiki chache zilizopita shemeji yangu alinitumia picha ya glasi. "Shem, hii ni bia au togwa?" Alikuwa amepika bia ya kimea cheupe, ladha haina kasoro, lakini ukiishika mbele ya dirisha huoni upande wa pili. Jumamosi nikaenda kwake, tukaanza pamoja, na mengine nikamwelekeza kwa simu. Naandika kama tulivyofanya. Tunaishi Uingereza, ambako tangu 1963 mtu hahitaji leseni kupika bia ya kunywa nyumbani kwake, na vipimo vyangu ni vya ndoo ya kawaida ya huku, lita 23.

Hatua ya 1: Hakikisha imemaliza kuchachuka

Haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia sukari iliyobaki kwenye bia) isome namba ileile siku tatu mfululizo. Kama bado inashuka, funika ndoo uiache. Bia inayoendelea kuchachuka ndani ya chupa hupasua chupa.

Hatua ya 2: Jua ukungu wako ni wa nini

Chota glasi mbili. Moja ilale kwenye friji, nyingine ibaki mezani. Ya mezani ikiwa safi na ya friji imejaa ukungu, hiyo ni protini ya nafaka iliyoshikana na tanini. Hujitokeza kwenye baridi na kupotea bia ikipata joto. Zote mbili zikiwa na ukungu, mara nyingi ni hamira ambayo haijatua. Unaweza pia kudondoshea tone la ayodini kwenye bia kidogo pembeni: ikigeuka bluu nyeusi, ni wanga uliobaki tangu ulipoloweka kimea, na jelatini haitakusaidia. Bia uliyoipimia ayodini usiinywe. Ndoo ikinuka siki, imwage yote.

Kama umepika bia ya ngano, acha kabisa. Ile inatakiwa iwe na ukungu.

Hatua ya 3: Ipoze

Ndoo nzima iingie kwenye friji, nyuzi 1 au 2 za Selsiasi, siku mbili. Kabla ya kuipoza, toa maji yaliyo kwenye kizibo cha kutolea hewa na uzibe tundu kwa pamba safi iliyoloweshwa dawa ya kuua vijidudu. Bia ikipoa hewa ya juu yake husinyaa, na maji yale hunyonywa yakaingia ndani.

Hatua ya 4: Jelatini

Hapa ndipo nilipopoteza bia mbili nzima nilipoanza, na ndipo shemeji naye alikuwa amekwama.

Nilikuwa naitia jelatini bia ikiwa na joto la chumbani. Baada ya siku tatu ndoo inang'aa, naijaza kwenye chupa kwa furaha. Chupa zikiingia friji, ukungu unarudi. Nikaongeza kipimo, nikabadilisha aina ya jelatini, hakuna kilichosaidia. Kosa lilikuwa mpangilio. Ule ukungu wa baridi haupo bia ikiwa na joto, kwa hiyo jelatini ilitua na hamira peke yake, na protini ikabaki imeyeyuka humo humo ikingoja friji. Lazima uipoze kwanza, ukungu ujitokeze wote, ndipo jelatini iukute na kuuvuta chini.

Kipimo: gramu 3 za poda isiyo na ladha wala sukari kwa lita 23. Tia kwenye mililita 150 za maji yaliyochemka yakapoa, uache dakika kumi na tano. Utaona poda imevimba na kuwa kama uji mzito wa mtoto. Sasa pasha polepole hadi nyuzi 65 au 70, ukikoroga, mpaka maji yawe angavu. Yasichemke hata kidogo! Jelatini iliyochemka huvunjika, ikapoteza nguvu. Nunua kipimajoto, usikisie kwa kidole. Mimina yakiwa moto vile vile ndani ya bia baridi, taratibu, ukizungusha juu ya ndoo yote bila kutibua mashapo. Funika, rudisha kwenye friji, usiiguse siku mbili.

Jelatini nyingi hutokana na ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo soma paketi. Wapika bia wa huku wa zamani hutumia mabondo ya samaki yaliyokaushwa, yaani vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki. Mimi nimekulia Mwanza na nimeona mabondo ya sangara yakipimwa kwenye mizani pale Mwaloni, Kirumba, bila kujua kwamba bondo la samaki linaweza kung'arisha bia. Yanafanya kazi vizuri sana kwa hamira, lakini yanaharibika kwenye joto na ni ghali. Kwa ndoo moja ya nyumbani, jelatini inatosha. Vichujio vya karatasi siviamini: vinaingiza hewa, na bia iliyopigwa na hewa huishia kuwa na ladha ya boksi lililolowa.

Safari nyingine, tia kijiko kimoja cha chai cha mwani mkavu dakika kumi na tano kabla ya kuipua sufuria ya maji ya kimea. Dutu inayovuta protini ndani yake ni karajinani, ile ile inayotolewa kwenye mwani wa akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar.

Hatua ya 5: Chupa

Nyonya bia kwa mpira, ncha ikae juu ya mashapo, na lita ya mwisho iache. Sukari ya kuleta povu ni gramu 6 kwa lita. Ukitumia kikokotoo cha kukadiria sukari hiyo, weka joto la juu ambalo bia ilifikia baada ya kuchachuka, siyo la friji. Ukiweka nyuzi 2 kitakupa sukari kidogo na bia itakosa povu. Hamira iliyobaki huioni, lakini ipo ya kutosha kuigeuza sukari hiyo kuwa gesi. Kaa na chupa wiki mbili kwenye nyuzi 20.

Jana shemeji kafungua ya kwanza, ikiwa baridi. Picha aliyonitumia ni ya gazeti lililowekwa nyuma ya glasi, na herufi zinasomeka.