Tairi la baiskeli lisilo na tyubu: linavyoshika upepo na namna ya kulifunga mwenyewe

Anayeendesha baiskeli njia za Monduli, Longido au Mto wa Mbu, mkoani Arusha, wakati wa kiangazi anaijua mbigili. Kijitunda chake kikavu kina miiba migumu iliyopangika hivi kwamba, kikianguka vyovyote, mwiba mmoja hubaki umetazama juu. Tyubu ya kawaida haivumilii. Tairi la tyublesi, yaani lisilo na tyubu, linavumilia, mradi limefungwa sawasawa.

Wengi wanaoniletea tyublesi inayovuja huja wakilaumu dawa, yale maji ya kuzibia matundu yanayowekwa ndani ya tairi, na wengine wameshaongeza chupa nzima. Mara nyingi dawa haina kosa. Kosa liko kwenye kanda iliyobandikwa ndani ya ringi, mahali ambapo jicho halifiki tairi likishafungwa. Kwa hiyo kwenye kanda nitakaa zaidi kuliko kwingine.

Elewa kwanza kinachozuia upepo

Magari yaliachana na tyubu zamani, baiskeli ikachelewa, kwa sababu ringi yake imetobolewa matundu ya spoki, mara nyingi 28 au 32. Mwaka 1999 kampuni ya Mavic ya Ufaransa, pamoja na Michelin na Hutchinson, walileta mfumo wa UST kwa baiskeli za milimani: ringi ambayo sakafu yake haikutobolewa. Ringi nyingi za leo bado zina matundu, na kazi ya kuyafunika imeachiwa kanda.

Upepo basi unazuiwa na vitu vitatu: kingo mbili za tairi zinazobana kwenye kuta za ringi, kanda inayofunika sakafu, na kitako cha mpira cha vali. Dawa inakuja baada ya hapo. Ni maji yenye chembechembe za utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoka unazisukuma chembe hizo kwenye tundu, zinasongamana na kuganda. Inaziba tundu la mwiba. Haiwezi kushikilia kanda iliyobanduka.

Kuna faida ya pili. Kwenye tyubu unalazimika kujaza upepo mwingi, la sivyo ukigonga jiwe tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili sambamba. Bila tyubu hakuna cha kubanwa hivyo, unaweza kushusha presha, na tairi linashika barabara ya changarawe vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Hakikisha vifaa vinaendana

Tairi liwe na maandishi ya tubeless, TLR au UST ubavuni, na ringi pia iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ringi za chuma za baiskeli kubwa za mizigo hazimo. Hizo zibaki na tyubu. Angalia pia kama kuta za ringi yako zina kikulabu kwa ndani, yaani ukingo uliojikunja kushika tairi. Zisipokuwa nacho, usizidishe 5 bar, yaani kama psi 72, hata kama tairi lenyewe limeandikwa namba kubwa zaidi, na mtengenezaji awe amelikubali tairi hilo kwa ringi ya aina hiyo.

Utahitaji kanda ya tyublesi, vali yenye moyo unaofunguka (moyo ni kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga upepo), dawa, sirinji, spiriti, maji ya sabuni na pampu ya kusimama chini.

Hatua ya 2: Kanda

Pima upana wa ndani wa ringi, kutoka ukuta hadi ukuta, kisha tafuta kanda inayozidi hapo kwa milimita 2 au 3. Ringi ya milimita 23 inataka kanda ya 25. Ikiwa nyembamba, upepo utapita pembeni. Ikiwa pana mno itapanda ukutani, na ukingo wa tairi utaivuta siku unapofunga.

Toa kanda ya zamani na gundi yake yote. Futa sakafu kwa spiriti, subiri ikauke, kisha usiiguse tena kwa vidole. Mafuta ya mkono yanatosha kuharibu kazi.

Anza kubandika mbali kidogo na tundu la vali. Ivute kanda kwa nguvu, mpaka uone inalala yenyewe ndani ya mfereji wa katikati. Kila baada ya spoki mbili tatu simama, isugue kwa kidole gumba kilichofungwa kitambaa, kutoka katikati kwenda pembeni. Kiputo cha hewa chini ya kanda kisikae. Kitakuja kuwa njia. Ukimaliza mzunguko, pitisha mwisho juu ya mwanzo na juu ya tundu la vali, ili sehemu ya vali ipate tabaka mbili. Kwa tairi jembamba la lami, linalobeba presha kubwa, zungusha kanda mara mbili kote.

Sasa weka tyubu na tairi, jaza upepo, acha usiku kucha. Watu wanairuka hatua hii kwa haraka zao, nami naisisitiza kwa kila mtu. Tyubu inaikandamiza kanda kila pembe kwa nguvu ambayo kidole hakina. Asubuhi ukifungua utaiona imechora umbo la kila tundu la spoki.

Tundu la vali litoboe kwa msumari mwembamba uliopashwa moto. Joto linayeyusha kando za tundu zikawa mviringo laini. Kisu huacha mpasuko unaoendelea kuchanika. Ingiza vali, kaza nati yake kwa vidole tu. Koleo litakuponza siku utakapotaka kuitoa vali porini.

Hatua ya 3: Funga tairi, jaribu likiwa kavu

Ingiza ukingo wa kwanza, kisha wa pili, ukianzia upande ulio mkabala na vali na kumalizia kwenye vali. Kila unaposogea, sukuma kingo ziingie kwenye mfereji wa katikati. Hapo ndipo unapata ulegevu wa kumalizia kwa mikono. Usitumie bisibisi, inachana kanda.

Paka maji ya sabuni kwenye kingo. Fungua moyo wa vali ili upepo upite kwa wingi, kisha piga pampu kwa kasi. Utasikia pa! pa! kingo zikipanda mahali pake. Zungusha gurudumu uangalie mstari mwembamba uliochorwa ubavuni karibu na ringi. Uwe sawa pande zote. Presha isipite kiwango kilichoandikwa kwenye tairi, hasa ukitumia kompresa ya kituo cha mafuta.

Likigoma, weka tyubu, jaza mpaka kingo zote zikae, kisha bandua upande mmoja tu, toa tyubu, rudisha vali. Sasa pampu ina kazi ya upande mmoja.

Hatua ya 4: Dawa

Toa upepo taratibu, kingo zibaki zimekaa. Tikisa chupa kwa nguvu, maana chembe hutuama chini. Vuta dawa kwa sirinji, ingiza kupitia vali iliyo wazi. Tairi la lami la milimita 28 linatosheka na mililita 30 hadi 45, la changarawe la 40 kama 60, la milimani la inchi 29 kama 100. Kwenye nchi ya mbigili ongeza kidogo.

Rudisha moyo wa vali, jaza upepo, zungusha gurudumu, kisha lilaze kila upande dakika kumi juu ya ndoo. Ubavu ukitoa jasho la dawa siku ya kwanza, usiwe na shaka.

Presha ya kuanzia kwa mtu wa kilo 70: karibu psi 65 hadi 70 kwa lami ya 28, 30 hadi 35 kwa changarawe ya 40, 20 hadi 25 kwa milimani. Rekebisha kidogo kidogo ukiwa njiani.

Likivuja

Mwagia maji ya sabuni, tafuta mapovu. Yakitokea ukingoni, ringi ina uchafu au imepinda. Yakitokea kwenye nati za spoki, kanda imevuja. Lakini usibandike kiraka kwenye spoki uliyoiona ikitoa povu: ringi ina uwazi ndani yake, upepo unaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine kabisa. Toa kanda yote, rudi hatua ya 2.

Ukiwa njiani

Mwiba wa mbigili ulioingia, uache mpaka ufike nyumbani. Tundu kubwa geuzia chini dawa ilifikie. Lisipoziba, sukumia utambi wa kuzibia kwa sindano yake. Tairi likichanika vibaya, toa vali, weka tyubu. Kabla ya hapo, pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima. Tairi lililopita Longido msimu mmoja hujaa ncha za miiba ambayo dawa iliiziba bila wewe kujua, na kila ncha inaingoja hiyo tyubu. Usitumie kidole kitupu. Kitambaa kikinasa, ng'oa mwiba kwa koleo kutoka nje, endelea.

Kwa joto letu dawa inakauka upesi. Kila mwezi fungua moyo wa vali wakati tairi halina upepo, vali ikiwa chini, na ingiza kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, ongeza.